Oksidi nyeusi ya shaba, kopo la gramu 500: inafaa somo la multiferoiki?

Multiferoiki ni vitu vyenye mpangilio wa sumaku na upolari wa umeme (chaji chanya na hasi zikisogea pande tofauti) kwa pamoja. Kwa maabara ya Kampala inayotaka kuonyesha sumaku ikizaa umeme bila kuhangaikia heliamu ya kupozea, poda hii ndiyo ya kununua. TbMnO₃ (oksidi ya terbi na manganizi), iliyotikisa fani hii mwaka 2003, hupata upolari chini ya K (kelvini) 28 tu, baridi inayodai heliamu. Oksidi ya shaba (CuO) huupata kati ya K 213 na K 230, yaani -60 hadi -43 °C, na hapo inatosha naitrojeni ya kimiminika, ileile wanayobeba wahimilishaji wa ng'ombe.

Chukua ya usafi wa asilimia 99.9. Wekundu kidogo wa Cu₂O, oksidi nyekundu ya shaba, si neno, utageuka CuO tanuruni; chumvi na chuma ndivyo vinavyovujisha umeme. Shindilia gramu 1 iwe kidonge cha mm 13, kichome hewani kwa 900 °C saa 12. Ukikaribia 1,030 °C oksijeni hutoka na kazi yote imeharibika. Paka rangi yenye madini ya fedha, inayopitisha umeme, pande zote mbili; hizo ndizo elektrodi.

Wengi hukosea kwenye kupoza. Weka volti 300 kidonge kikiwa bado juu ya K 230, teremka polepole, kisha simama K 216. Ukikitumbukiza moja kwa moja kwenye naitrojeni umepoteza kila kitu, kwa sababu chini ya K 213 spini za shaba (visumaku vidogo vya atomi zake) hupangana moja juu, moja chini, na mpangilio huo hauna upande wa kuelekeza umeme. Juu ya hapo kila spini imejipinda kidogo kuliko jirani yake, kama vidato vya ngazi ya mzunguko. Spini mbili zilizopishana pembe huisogeza oksijeni iliyo kati yao, na kwa kuwa msokoto unakwenda upande mmoja, misogeo hiyo hujumlishana.

Ondoa volti, unganisha elektrodi mbili kwa dakika 30, halafu pasha K 5 kwa dakika. Mkondo ni wa pikoampea (sehemu za trilioni za ampea), kwa hiyo multimita ya kawaida haitauona. Azima elektromita, kipimo cha mikondo midogo sana, na tumia kebo yenye ngao. Unyevu wetu huganda juu ya kidonge na kupitisha chaji pembeni, basi kifunge ndani ya chombo chenye silika kavu.

Rudia kwa volti -300. Kilele cha mkondo karibu na K 230 kisipogeuka ishara, unachopima ni chaji zilizonaswa kwenye mipaka ya chembe.