Pertronix Ignitor ndani ya distributa ya Lucas: miezi kumi na minne kwenye MGB ya 1969

MGB yangu, gari dogo la michezo la Kiingereza, ni ya mwaka 1969, ina injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798 na distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ya Lucas ya aina ya 25D4, na kwa miaka mingi haikunipa shida kubwa isipokuwa upande wa moto wa plagi. Miezi kumi na minne iliyopita niliondoa platini, yaani ncha mbili zinazofunguka na kufunga ili kukata umeme, pamoja na kondensa inayozizuia zisitoe cheche, nikafunga Pertronix Ignitor, kifaa cha elektroniki kutoka Marekani, na tangu hapo nimekwenda nayo Moshi na Tanga mara za kutosha kuweza kukizungumzia. Ni kifaa kizuri na sina mpango wa kukitoa, lakini sifa nyingi ambazo wenye magari haya hukimwagia ni za usafi walioufanya wenyewe siku walipokifunga.

Platini hazikuwa tatizo langu. Ukiziweka kwa uwazi wa kati ya milimita 0.35 na 0.40, ukapaka grisi kidogo kwenye kamu inayozifungua, zitakutumikia kwa muda mrefu bila kulalamika. Kilichonichosha ni kondensa. Moja niliyouziwa mpya, ikiwa ndani ya boksi lenye nembo ya kupendeza, ilinitesa karibu na Same: injini ilipopata moto ilianza kumisi, ikazima, na ilipopoa kwa nusu saa ikawaka kana kwamba hapakuwa na lolote, kisha mchezo ukaanza upya. Nilipofungua kifuniko cha distributa nilikuta platini zimebadilika rangi na kuwa za kijivu, ncha moja imechimbika na ya pili imeota kichuguu. Hiyo ni dalili ya kondensa isiyofanya kazi yake, kwa kuwa umeme ambao ungepaswa kuingia ndani yake huruka kati ya ncha hizo kila zinapofunguka, na cheche inayofika kwenye plagi hubaki dhaifu na ya rangi ya machungwa badala ya kuwa ya buluu.

Ignitor huondoa vyote viwili kwa pamoja. Pete yenye sumaku huvishwa kwenye shafti ya distributa chini ya rota, kipande kinachozunguka kupeleka umeme kwenye kila waya wa plagi, na kitambuzi kidogo kilichofungwa mahali pa platini husoma sumaku zinapopita na kuikatia umeme koili, inayotengeneza umeme mkubwa wa plagi, bila kitu kugusa kitu. Nyaya ni mbili tu, nyekundu huenda kwenye chanya ya koili na nyeusi kwenye hasi, na ukishafunika distributa hakuna atakayejua kuwa umebadilisha chochote zaidi ya wewe na waya wa ziada. Kufunga kulinichukua muda usiozidi saa moja. Mnunuzi ahakikishe tu upande wa betri kabla ya kuagiza, kwa sababu MGB zilizotengenezwa hadi kipindi cha mwaka 1967 ziliunganisha chanya ya betri kwenye bodi, na baadaye ndipo hasi ilipochukua nafasi hiyo. Kifaa cha upande mmoja hakifanyi kazi upande wa pili. Mwenye gari la nusu ya pili ya miaka ya 1970 ana jambo lake la kuangalia pia, kwani waya unaopeleka umeme kwenye koili yake una ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, ilhali Ignitor hutaka volti 12 kamili. Gari langu halina kizuizi hicho, na koili yake ya omu tatu ilikubaliana na kifaa bila mabadiliko.

Siku ya kwanza iliwaka kwa kugusa ufunguo tu. Siku ya tatu ikaanza kumisi kila nilipokanyaga mafuta ghafla, na nikaanza kuandaa maneno makali ya kukiandikia kifaa hiki. Nilimpelekea fundi mmoja mzee hapa Arusha ambaye alizoea magari haya tangu yalipokuwa mapya. Hakuligusa lile jambo jipya. Aliwasha tochi, akanyonya kwa mdomo mpira wa vakyumu ili sahani ya ndani ya distributa izunguke kidogo, akaniambia, “Kijana, hebu tazama hapo.” Ukanda mfupi wa nyuzi za shaba unaounganisha sahani ile na mwili wa distributa ulikuwa umebakiwa na nyuzi mbili tu, nazo ziliachana kila sahani ilipozunguka. Kitambuzi cha Ignitor hupata hasi yake kupitia sahani hiyohiyo, kama platini zilivyokuwa zikiipata. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo siku zote, nami nilikuwa nikiulaumu kwa majina mengine. Tulichomelea ukanda mpya, na misi ile haikurudi.

Hapo ndipo malalamiko yangu kuhusu maelezo yanayokuja na kifaa yanapoanzia. Yanaeleza vizuri namna ya kufunga, lakini yanamwacha mtu akidhani kwamba akimaliza kufunga amemaliza kazi. Rota, kifuniko, nyaya za plagi na mashimo ya shafti vyote hubaki vilevile. Rota nyingi zinazouzwa sasa zina ribiti ndefu chini ya bamba la shaba, na umeme wa juu hutoboa plastiki hapo ukakimbilia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Nimewahi kutupa mbili kwa sababu hiyo.

Taimingi, yaani wakati ambao cheche hutoka, nayo ni lazima ipangwe upya, kwani sehemu ambayo sumaku inakata umeme si ileile ambayo platini zilikuwa zikifunguka. Kwa injini yangu kitabu cha kiwanda kinataka nyuzi 14 kabla ya pistoni kufika juu, zikipimwa kwa taa ya taimingi kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) ya mizunguko 600 kwa dakika, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Alama ziko chini ya puli, mahali ambapo mhandisi wake bila shaka hakuwahi kulazimika kulala. Uzuri wa 25D4 ni ile nati ndogo ya pembeni ambayo hulia kila unapoizungusha, ambapo mlio mmoja mmoja huhamisha sehemu ndogo sana na milio 55 hutosha nyuzi tano, hivyo marekebisho ya mwisho hufanyika kwa vidole bila kulegeza distributa.

Nilijifunza thamani ya nati hiyo niliposhuka Tanga. Arusha iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini huvumilia moto unaowahi kidogo; nilikuwa nimeuwahisha kwa sababu gari lilipendeza hivyo. Baada ya Muheza, hewa ilipokuwa nzito na joto kali, injini ilianza kugonga kila nilipopanda kimwinuko nikiwa kwenye gia ya juu, ule mlio wa kokoto ndani ya debe. Nilisimama kivulini, nikarudisha milio ishirini na miwili, yaani nyuzi mbili hivi, na kelele ikaisha. Kwa platini ningejiuliza kama uwazi umehama. Kwa Ignitor sikuwa na shaka, kwa sababu taimingi yake haihami kwa kuchakaa, na hiyo kwangu ndiyo sababu hasa ya kulipa bei inayozidi seti kadhaa za platini, achilia mbali ushuru.

Tahadhari moja tu ichukuliwe kwa uzito: toleo hili la kwanza huweza kuungua ukiacha swichi imewashwa huku injini haizunguki. Mpwa wangu hupenda kusikiliza redio tukiwa tumeegesha, kwa hiyo nimeipa redio waya wake wa moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi. Platini hufa polepole na kukupa siku kadhaa za kujiandaa, lakini kifaa cha elektroniki kikifa kimekufa, na ndiyo maana ndani ya buti, kwenye kopo la chai, nina sahani nzima ya platini iliyokwisha kupangwa uwazi, kondensa ya zamani ninayoiamini na bisibisi fupi.