Mwaka Kogwa Makunduchi: safari hii nimeenda na mwenyeji, nawapa mrejesho

Wapendwa mlioniuliza mwende na nani Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, Zanzibar, nawajibu wote hapa. Mimi nimeshaenda mara mbili. Ya kwanza nilienda na kampuni moja ya utalii, jina sitaji, tulifika mchana tumechelewa, tukashushwa, tukapiga picha watu wanacharazana na migomba, moto ukawaka, dereva huyo anapiga honi tuondoke. Hela nililipa nyingi na hakuna mtu aliyenieleza hata neno moja, kiukweli iliniuma.

Mwaka huu shoga yangu akaniunganisha na kijana mzaliwa wa Makunduchi anayepeleka wageni, elfu hamsini kwa kichwa, usafiri wa kwenda na kurudi kutoka Zanzibar Mjini na chakula cha mchana humohumo. Tulikuwa sita kwenye Noah. Yaani ni tofauti kabisa!

Njia nzima anaongea. Akatuambia huu ni mwaka mpya wa Kishirazi, asili yake Nairuzi ya Wairani, ila hesabu ya huku ilikuwa siku 365 kavu bila ile siku ya nyongeza, ndo maana ukasogea sogea mpaka unasherehekewa Julai wakati wenzao ni Machi. Na kogwa ni kuoga, kwa Kikae lugha ya kwao, unauoga mwaka baharini uchafu wa mwaka jana ubaki hukohuko.

Ile migomba sasa, mwaka ule niliona fujo tu. Kumbe ni watu wa upande wa kusini na wa kaskazini wa Makunduchi wanapambana, mwenye kinyongo na mwenzie anakitoa palepale uwanjani, wakishamaliza hakuna kuwekeana tena, na zamani zilikuwa fimbo kabisa wakaona migomba haiumizi sana. Wakati wanaume wanapigana kina mama wanapita na kanga zao mpya wanaimba, na hapa ndo utajua thamani ya kuwa na mwenyeji, maana nyimbo zina mafumbo na mimi wa Dar naambulia neno mojamoja. Akawa ananitafsiria, ikafika moja akacheka akakataa, "dada hiyo kamuulize mama."

Halafu kile kibanda cha makuti. Kuna mtu anaingia ndani, kinawashwa moto, anatoka mbio, watu wanaangalia moshi umeelekea wapi wajue mwaka utakuwaje. Kijana wetu alituambia simu mfukoni mpaka mtu atoke, na tuwapishe wazee mbele. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwa sababu pembeni yetu kulikuwa na wageni wanasukumana na watu wa kijijini kwenye mwaka wao wenyewe.

Chakula hakutupeleka hotelini. Makunduchi nyumba isiyo na mgeni siku ile wanaona ni mkosi, kwa hiyo anawagawa wageni wake nyumba kwa nyumba na hela ya chakula anampa mama mwenye nyumba mkononi. Sisi tulikula wali wa nazi na pweza, na ule wimbo mama akanieleza wote mpaka machozi yananitoka kwa kucheka 😂

Mi naona hivi ndo mila inalindwa. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, ukuta ukipasuka unaleta fundi, lakini Mwaka Kogwa ukikosa wa kuimba utamleta nani? Ule mkataba wa UNESCO wa 2003, ambao Tanzania tumeuridhia 2011, unaongelea urithi wa aina hii hasa, mila na sherehe ambazo watu wenyewe wanazibeba na kuwarithisha watoto. Sasa kama hela zote zinabaki mjini, yule mama mwakani atapika kwa nguvu gani?

Kasoro zipo. Gari lilichelewa saa nzima kutuchukua, na tulisimama karibu mno na maspika, nyimbo za mwisho sikuzisikia vizuri, nimemwambia mwakani atusogeze upande wa kina mama. Nampa nyota nne.

Mkienda wekeni nafasi mwezi wa sita, dada zangu bebeni kanga, na mkikaribishwa nyumbani msikatae hata kama mmeshiba. Mama ameniambia mwakani nifikie kwake siku zote nne za sherehe, nimeshamuahidi.