Wundanyi hadi Mwatate: matatu au bodaboda?
Kwa mfanyakazi anayeshuka kila asubuhi kutoka Wundanyi hadi Mwatate, matatu ni nafuu na humkinga na ukungu wa Milima ya Taita. Taabu ni kungoja: ile ya abiria 14 haiondoki mpaka ijae. Utamwona mwalimu dirishani, madaftari mapajani, akitazama saa kila makanga anapoita.

Bodaboda humchukua mtu mlangoni na kuondoka papo hapo. Lakini nauli yake ni ya juu, na zile kona za mteremko, lami ikiwa imelowa, zinanitia hofu kweli. Sheria inaruhusu abiria 1 tu, ila wengi hupakia 2. Mimi naona heri kurauka nipande matatu, bodaboda inifikishe steji tu.