Beringi za msumeno wa meza wa kujitengenezea: uanze na ipi?

Kwa karakana inayopasua paina mbichi ya Sao Hill, pale Mafinga au Mbeya, kinachoua beringi mara nyingi ni vumbi lenye utomvu. Mwendo haupaswi kukutisha: mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika yenye puli kubwa mara mbili ya ile ya shafti inafikisha kama 2,900, na beringi zote za hapa chini zinaumudu. Tuchukulie shafti ya milimita 25.

Namba moja ni UCP205, inayouzwa ikiwa ndani ya nyumba yake ya chuma. Ina nipeli ya grisi, inavumilia fremu iliyochomelewa ikapinda kidogo, na haihitaji fundi wa kukereza. Chukua mbili, bolti za milimita 10, matundu yaachane milimita 105 kati kwa kati. Udhaifu wake ni zile skrubu mbili za ufunguo wa L. Zikilegea kwa mtetemo, shafti huzunguka ndani ya pete na kulika. Toboa vishimo vya milimita moja kwenye shafti zinapokaa, kaza, fanya kazi siku moja, kaza tena.

6205-2RS ni ya pili: tundu milimita 25, upana wa nje 52, unene 15, vizibo vya mpira pande zote. Ni rahisi kuipata kwenye maduka ya spea Mwanjelwa, Mbeya, ila pesa utakayookoa itaishia kwa fundi wa lathe, maana nyumba yake lazima ikerezwe sawasawa. Ikilegea, pete ya nje inazunguka. Ikibana mno, gololi zinachemka. Unapoivalisha kwenye shafti, gonga pete ya ndani kwa kipande cha bomba, kamwe usigonge ya nje.

6205-ZZ ina vizibo vya bati vinavyoacha mwanya mdogo wa kupitisha vumbi. Inafaa jiwe la kunolea. Kwenye mbao iache.

Beringi kuukuu za gereji ziwe za mwisho kabisa, na shafti ya nondo au bomba lililozungushiwa bati usiiguse.

Dukani nenda na venia, kile kipimio cha kubana cha milimita. Kwa namba ya beringi inayoishia 04 na kuendelea, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano upate tundu: 6204 ni milimita 20. Maandishi yaliyofifia au bei ya kushangaza ni dalili ya feki.

Ukichomelea fremu beringi zikiwa zimeshafungwa, bana kebo ya athi jirani na unapochoma. Umeme ukipitia kwenye gololi huacha vidonda, na mashine itaunguruma.