Nikon P900 ya mtumba: miezi minane ya ndege na watoto, Sabaki, Gede na hapa nyumbani Malindi

Nimekaa na hii kamera miezi minane sasa na kila nikipita nayo mtaani naulizwa ile ni ya kazi gani na mdomo mrefu vile, basi wacha niandike hapa yote niliyoyaona.

Ni Nikon Coolpix P900, ile iliyotoka 2015. Mimi nimeichukua mtumba Mombasa kwa 38,000 na betri mbili. Sifa yake kubwa ni zuumu mara 83, yaani lenzi inaanza milimita 24 inaenda mpaka 2000, kwa kipimo cha kamera za filamu ya 35mm, na hubadilishi lenzi wala nini, unavuta tu kwa kidole. Uzito wake kama gramu 900 hivi, binti yangu wa miaka tisa anaishika kwa mikono miwili vizuri tu. Kabla ya hapo nilikuwa napiga na simu, na kwa simu ndege ni nukta, ukimkuza unapata uji.

Jumapili ya kwanza tukaenda Sabaki pale mto unapoingia baharini, mimi na mama watoto na wanangu wawili na mamangu, tumebeba mahamri na chai kwenye chupa. Heroe, yaani flamingo, walikuwa ng'ambo ya maji, kwa macho unaona mstari wa waridi tu juu ya tope. Nikavuta mpaka mwisho nikampa mamangu aangalie kwenye kioo cha nyuma ya kamera, akanyamaza kidogo, akasema Subhanallah, kumbe mdomo wake umepinda hivi, na huyu mtu amezaliwa hapa hapa na heroe amewaona miaka yote. Hapo ndo nikajua hela yangu haikwenda bure.

Na hatukumsogelea hata ndege mmoja. Hili naomba mnielewe kwa sababu linaniuma, nimeona vijana pale wakikimbiza kundi zima ili waruke wapate picha nzuri, sasa wale ndege wengi wanategemea maji yakupwe ndo wapate kula, kila ukiwarusha umewakatisha chakula, na wengine wao wametoka mbali sana kuja hapa. Ukiwa na zuumu hii huna sababu ya kufanya hivyo, kaa kwenye mchanga kunywa chai yako. Tena mtoni kuna viboko, watoto wasiachwe waende kandokando ya maji peke yao.

Ila nenda mapema, saa kumi na mbili asubuhi uwe umefika. Ikigonga saa nne jua limeshika mchanga, picha za mbali zinachezacheza kama unaangalia kupitia moshi wa jiko, nilidhani kamera imeharibika kumbe ni joto linalopanda, hata lenzi ya bei gani haitakusaidia hapo.

Gede ni habari nyingine. Kule kwenye magofu miti imefunga, giza, na sensa ya kamera hii, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kamera za zuumu ndefu aina hii karibu zote ziko hivyo, ndo maana lenzi inafika mbali bila kuwa ndefu kama bomba la maji. Lakini sensa ndogo inataka mwanga, na ukivuta mpaka mwisho mwanga unaoingia unapungua zaidi, kwa hiyo kivulini picha inatoka na punje. Nikajifunza kutovuta sana mle ndani. Kima wa Gede wamezoea watu wanakuja wenyewe, huhitaji zuumu, funga begi tu na usiwape chakula hata watoto wakililia. Niliyemtaka ni sange, kale kanyama kadogo ka pua ndefu, yule mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa pwani ya Kenya tu, tukamuona mara mbili akipekua majani makavu na pua yake. Kamera inapiga picha saba kwa sekunde moja halafu inasimama kuandika kwenye kadi, na sange hasubiri. Nina picha saba za majani.

Mchanga ndo adui. Siku ya upepo wa kaskazi niliiacha juu ya leso ufukweni lenzi imetoka nje, ikaanza kukwaruza kila inapoingia, fundi akanila 3,500 kuisafisha. Sasa nikimaliza kupiga nazima kwanza, halafu mfuko wa plastiki, halafu begi.

Lakini picha ninazozipenda zaidi zimepigwa jikoni. Chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, alianza kujenga kiota kwenye waya wetu wa kuanikia nguo, jike, yule mwenye rangi ya majani makavu, analeta uzi wa buibui mdomoni anauzungusha, anarudi na kipande cha gome, mpaka kikawa kifuko kinaning'inia na kibaraza kidogo juu ya mlango. Tukawa tunapiga kupitia dirisha la jikoni, mita sita hivi, na hapo mjue kwamba ukivuta mpaka mwisho haishiki kitu kilicho umbali wa chini ya mita tano, rudisha zuumu kidogo itashika. Kioo cha kamera kinageuka, kwa hiyo inakaa juu ya gunia la mchele dirishani na mtoto anaangalia akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono haitetemeki. Binti ndo aliyempata kinda amefungua mdomo, ndani rangi ya chungwa kabisa, mama yake amemwingizia mdomo wote mpaka kooni, unaona hata mguu wa buibui umebaki nje.

Waliruka Ijumaa moja sisi tuko msikitini. Kiota bado kipo, na nguo tunaanika waya wa pili.