Schwartz Rounds: saa moja ya kuwatua wauguzi mzigo

Schwartz Rounds ni huduma ya vikao ambamo wafanyakazi wa hospitali huzungumzia jinsi kazi inavyowagusa kihisia. Ilianzia Boston, Marekani, kwa jina la Kenneth Schwartz, wakili aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995. Uingereza iliipokea 2009. Kwa kawaida mara moja kwa mwezi, wafanyakazi wote, kuanzia wahudumu wa usafi hadi madaktari bingwa, hualikwa kwa saa moja, na chakula hutolewa. Watu watatu au wanne husimulia, dakika tano hivi kila mmoja, jinsi tukio la kazini lilivyowagusa. Kisha waongozaji hufungua mazungumzo.

Hapo ndipo panapoharibika. Metroni akiuliza "kwa nini hukuripoti?", ukumbi mzima unanyamaza. Mwongozaji mzuri huzuia ushauri, huacha ukimya uendelee, kisha huuliza nani mwingine tukio kama hilo limemgusa. Wasimuliaji nao waandaliwe mapema, la sivyo mmoja atafunguka kuliko alivyokusudia.

Kasoro kubwa ni zamu. Muuguzi hawezi kutoka wodini kama hakuna wa kumshikia wagonjwa, na wa usiku husahaulika kabisa. Uongozi usiopanga mbadala kwenye ratiba usiilipie huduma hii. Timu isiyoweza kukusanyika ijaribu Team Time, toleo la mtandaoni la dakika 45 lililoanza 2020.