Mkopo wa Bodi kwa mtoto wa mkulima wa korosho: unafaa, ila piga hesabu kwanza

Kwa familia ya Newala, Tandahimba au Masasi inayoishi kwa korosho, hakuna pesa ya kumsomesha mtoto chuo kikuu iliyo nafuu kuliko mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Mwaka 2021 iliondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ikaondolewa na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha. Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Linganisha na kangomba: mzazi anachukua pesa mwezi wa sita, anailipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei aliyoipanga mnunuzi, nje ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na nje ya mnada. Mtoto hajamaliza hata mwaka wa kwanza, mavuno yameshaliwa.

Sasa deni lenyewe. Chukua kozi ya miaka mitatu yenye ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Bumu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Awamu nne za siku 60 ni 2,400,000. Vitabu na viandikio, 200,000. Ukipewa vyote kikamilifu, mwaka ni 3,900,000 na miaka mitatu ni 11,700,000. Ongeza asilimia 1, unadaiwa 11,817,000, na mafunzo kwa vitendo hayamo humo.

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kuhitimu, mwajiri akikata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa msingi wa 800,000 serikalini, hati ya mshahara itasomeka hivi: PSSSF (pensheni) 40,000, kodi 68,000, NHIF (bima ya afya) 24,000, HESLB 120,000. Mkononi zinabaki 548,000, chama cha wafanyakazi hakijachukua chake. Deni litaisha kwa miezi 99, yaani miaka minane na robo.

Hilo linabebeka. Zito ni kuhitimu fani isiyo na mwajiri. Aliyejiajiri hutakiwa kurejesha asilimia 10 ya kipato, isipungue 100,000 kwa mwezi, na laki hiyo huuma kuliko 120,000 ya mwajiriwa kwa sababu inatoka kwenye mtaji. Kabla ya kujaza kozi, pitia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya mwaka mzima uliopita, uhesabu fani hiyo imetajwa mara ngapi. Kama haionekani, usione haya kufikiria chuo cha ufundi cha VETA, Mtwara au Lindi: ada ya kozi ndefu ni 60,000 kutwa na 120,000 bweni kwa mwaka, ingawa vifaa na sare ni juu ya mzazi. Fundi umeme mzuri hana deni la miezi 99.

Udhaifu wa mkopo wa Bodi ni kwamba wengi hawapewi vyote. Akipata asilimia 40 ya ada, mzazi anabaki na 780,000 kila mwaka. Kilo ikimwachia mkulima 2,500 baada ya makato, hizo ni kilo 312, karibu magunia manne ya kilo 80. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati minada ndiyo kwanza imeanza na malipo ya AMCOS hayajaingia benki. Omba chuo kipokee ada kwa awamu, na uombe mapema.

Maombi yenyewe hufanyika kati ya Juni na Agosti, pesa ikiwa imeishia kwenye salfa, dawa ya mikorosho. Tenga 30,000 ya ada ya maombi, ulipe kwa kumbukumbu namba ya mfumo wenyewe, kamwe usimtumie mtu wa steshenari kwenye simu yake. Ombi hukwama zaidi kwenye vyeti. Mtoto aliyelelewa na mjomba akaandikishwa shule kwa jina la mjomba, cheti cha kuzaliwa kikasema jina la baba, lazima arekebishe hilo kabla ya dirisha kufunguliwa. Yatima aliyezika mzazi kijijini bila kusajili kifo hana cheti cha kuhakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aanze na barua ya mtendaji na ofisi ya wilaya mwezi wa nne, maana Agosti atakuwa amechelewa. Kagua pia kurasa za sahihi: ya mwombaji, mdhamini, serikali ya kijiji na wakili au hakimu. Zipige skani, usipige picha kwa simu chini ya taa ya dukani. Muhuri usiposomeka ni sawa na haupo.

Dirisha la rufaa likifunguliwa, usirudishe karatasi zile zile. Peleka ushahidi ambao haukuwemo: namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, au cheti cha kifo kilichohakikiwa baadaye.